Miche ya shuleni inakauka kila mwaka, naombeni ushauri

Mwalimu wa Dodoma: Habari zenu wakuu. Nafundisha sekondari ya kutwa huku Dodoma na ni mlezi wa klabu ya mazingira. Kila Aprili 1, Siku ya Kupanda Miti, tunapanda kwa shangwe. Ikifika Agosti vimebaki vijiti. Wanafunzi wana moyo, ila walimu wenzangu wanaona ni kazi ya mlezi peke yake. Jikoni nako kuni zinaisha lori kwa lori. Nifanyeje shule nzima ishiriki? Fedha hakuna.

Bwanamiti: Mwalimu, tatizo la kwanza ni tarehe. Kwetu mvua inaanza Desemba, Aprili ndiyo inaaga. Chimbeni mashimo Novemba kabla hamjafunga shule, sentimita 60 kwenda chini, udongo wa juu mchanganye na samadi. Mkifungua Januari, mpande ardhi ikiwa imeloa. Mwarobaini na mjohoro vinahimili ukame. Na mzungushie miiba, mbuzi hawana simile. Aprili 1 hesabuni iliyoshika.

Binti Kondoa: Je, kumwagilia hapo kwenu ni adhabu ya wachelewaji? Kama ndiyo, komesheni mara moja. Shuleni kwetu kila mkosaji alipewa ndoo, tukaishia kuichukia miti yenyewe. Kila darasa lipewe miti yake pamoja na mwalimu wa darasa, na hali ya miti isomwe paredi ya Jumatatu. Hakuna mwalimu atakayependa ya darasa lake ikauke mbele ya wote.

Mama Jikoni: Mimi ni mpishi wa shule. Vikao vya mazingira hatuitwi, na kuni tunachochea sisi! Maharage yalowekwe tangu jioni, yanawahi kuiva. Kuni zikae kavu, sufuria ifunikwe. Maji ya kuoshea mchele yaende kwenye miti. Ila serikali ilishaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, kwa hiyo suala la gesi lipelekeni kwenye bodi mapema.

Mwalimu wa Dodoma: Asanteni sana, mpishi wetu nitamwita kikao kijacho. Likizo ya Juni je, nani atamwagilia?

Bwanamiti: Wanafunzi wanaokaa jirani wapeane zamu, mlinzi awafungulie bomba. Chupa tupu za maji toboeni kizibo kwa sindano, mkate kitako, mfukie kichwa chini karibu na mche, mjaze maji, yanadondoka taratibu. Juu tandazeni nyasi kavu, ila zisiguse shina, mchwa watapanda.