Wasifu wa jenerali wa Albania: mbona vyeo havionekani kati ya 1966 na 1991?

Karatasi: Wakuu, salaam. Naandaa wasifu wa Jenerali Alfred Moisiu, Rais wa Albania 2002–2007. Kuanzia 1966 naona nyadhifa tupu: kamanda wa brigedi, mkuu wa ofisi, naibu waziri wa ulinzi. Cheo hakuna. Halafu 1982 anatokea akiongoza kombania, kikosi kidogo tu, katika mji wa Burrel! Orodha zimekosewa?

Safu_ya_Pili: Ziko sawa, mkuu. Albania ilifuta vyeo vya kijeshi 1966, mwaka mmoja baada ya China, ikavirudisha 1991. Kwa hiyo usimkisie ukanali wala umeja jenerali wa miaka hiyo. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Pima kwa ukubwa wa kikosi. Andika mwaka, wadhifa, na idadi ya ngazi zilizo juu yake mpaka kwa waziri. Moisiu alisomea uhandisi wa kijeshi Leningrad 1946–48, kisha Moscow 1952–58. Mwaka 1966–71 aliongoza brigedi ya madaraja ya kuelea Kavajë, na 1971–81 ofisi ya uhandisi na maboma wizarani. Hapo anapanda bila shaka yoyote, hata bila nyota mabegani.

Kipimo kingine: Albania na Wasovieti walivunja uhusiano 1961. Ukikuta ofisa wa Albania ameenda kusoma Moscow 1965, tilia shaka tarehe hiyo kwanza.

Mzalendo wa Ramani: Kuhusu Burrel, ongeza safu ya mawaziri wa ulinzi, maana waziri akianguka huanguka na watu wake. Beqir Balluku alikaa tangu 1953 hadi 1974, akapigwa risasi 1975 pamoja na mkuu wa majeshi Petrit Dume na Hito Çako wa kurugenzi ya siasa ya jeshi. Akafuata Mehmet Shehu hadi 1980 (alifariki Desemba 1981 akiwa waziri mkuu), kisha Kadri Hazbiu, aliyeng'olewa Oktoba 1982 na kuuawa 1983. Sasa tazama: Moisiu alikuwa naibu waziri wa ulinzi chini ya Hazbiu, na akateremshwa Oktoba hiyohiyo. Kombania ni kazi ya kapteni au meja. Hiyo ni adhabu, na wasifu wako useme hivyo waziwazi, 1982–84.

Karatasi: Asante sana. Na ile ya "mkuu wa majeshi ya wapiganaji 1943"?

Safu_ya_Pili: Huyo ni baba yake, Spiro Moisiu. Alfred alizaliwa Desemba 1929, kwa hiyo Julai 1943 alikuwa na miaka 13. Wanachanganywa mno, andika jina la kwanza kila mara. Alfred alishika uwaziri wa ulinzi Desemba 1991 hadi Aprili 1992, katika serikali ya waziri mkuu Vilson Ahmeti. Urais aliupata kwa kura za bunge, Juni 2002, baada ya viongozi wa vyama hasimu, Fatos Nano wa Wasoshalisti na Sali Berisha wa Wademokrasia, kuafikiana juu yake.