Ukoka umekauka mabaka mabaka hapa Tabora: ning'oe wote au nisubiri mvua?

BabaNasra_Ipuli
Habari za jioni wakuu. Niko Tabora mjini, Ipuli. Hii nyumba nilihamia mwaka jana mwezi wa nne, mvua zikiwa mwishoni, na uwanja wa mbele ulikuwa umejaa ukoka wa kijani mpaka wageni wananiuliza nani kanipandia. Oktoba hii ukiuona utasikitika. Mabaka ya kahawia kila upande, katikati kuna upara mkubwa kama meza ya kulia chakula, na ukikanyaga peku unachomwa kama unatembea juu ya ufagio.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi wa sita kijana anayenikatia majani alinishauri tukate chini kabisa ili asirudi mpaka Novemba. Nikaona ananipunguzia gharama. Mama mkwe alikuwepo, naye akakazia: majani marefu yanafuga nyoka. Kijana akashusha mashine mpaka mwisho, akanyoa hadi vumbi likaingia sebuleni. Nikamlipa, na soda juu.

Jana kuna mtu kapita akasema ukoka umekufa, ning'oe wote aniletee majani ya paspalamu kutoka Dar kwa laki nne na nusu. Jirani anasema ni mchwa, nimwage dawa. Uwanja ni mita 10 kwa 12 hivi. Maji ya bomba yapo, ila bili naiogopa. Nimsikilize nani?

Mwana_wa_Isevya
Mkuu, ukoka ufe? Sisi wa mashambani tunaulaani kila mwaka. Tunaulima, tunaurundika, tunauchoma, mvua ikinyesha unakuta uko palepale unatucheka. Wako ndio ufe kwa jua la miezi minne? Hiyo laki nne na nusu mnunulie mama mkwe kitenge.

Pevingi_Tu
Piga pevingi uachane na hayo mambo. Majani ni ya watu wa Arusha.

DadaKitalu
Pevingi Tabora, Oktoba, saa nane mchana, mbele ya dirisha la sebule? Kakaange chapati hapo, utaniambia.

BabaNasra, usimpe mtu hela kabla hujapima mwenyewe. Chukua kisu cha jikoni, nenda kwenye baka la kahawia, chimba kama urefu wa kidole uvute ile mizizi minene inayotambaa chini ya udongo. Ikiwa migumu, ukiikata ndani ni nyeupe au ya krimu na ina unyevu kidogo, huo ukoka umelala tu. Ikivunjika kama kijiti cha kiberiti na ndani ni kahawia tupu, hapo pamekufa. Pima sehemu tano au sita, maana kwako inaonekana pamechanganyika.

Kosa lilikuwa kule kunyoa kwa Juni. Jani ndilo jiko la mmea. Umeliondoa lote wakati maji yanakatika, mizizi ikabaki inakula akiba, na udongo wenyewe kichanga chetu hiki, jua likaupiga moja kwa moja. Kiangazi kinapoingia unafanya kinyume: unapandisha mashine, unaacha sentimita 5 au 6, ukoka ujifunike wenyewe. Masika unaweza kushuka mpaka 3 au 4, lakini unakata kila wiki, na usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu kwa mkupuo mmoja. Umesafiri ukakuta umepanda sana? Kata kidogo leo, rudia baada ya siku nne.

BabaNasra_Ipuli
Dada, nimechimba sehemu sita. Nne ni nyeupe ndani! Ule upara wa katikati umekufa, na chini ya mwembe pia. Na mchwa nimewaona kweli, wamejenga vile vichuguu vya udongo juu ya majani makavu.

Mzee_wa_Cheyo
Mwangaluka wanangu. Mchwa wa Tabora asikutishe, tumezaliwa tumemkuta. Hapo kwako anakula kilichokwisha kukauka, amekuja kwenye msiba, hakuua yeye. Zoa makapi yote makavu kwa reki, hana tena cha kumleta. Dawa usimwage ovyo, una watoto, na Novemba kumbikumbi wakitoka hapo uwanjani hao wajukuu watawaokota wale. Mimi mwenyewe nitawaokota.

Chini ya mwembe ukoka hautaki, unataka jua la kutosha. Weka yale majani ya Pemba, mapana, yanavumilia kivuli. Au acha tu, utandike mkeka.

Kuhusu nyoka, shikamoo yangu mfikishie mama mkwe, ila nyoka hajifichi kwenye majani ya kidole kimoja. Anajificha kwenye lile rundo la matofali yaliyobaki ulipojenga uzio. Najua lipo. Kila nyumba Tabora inalo.

BabaNasra_Ipuli
Lipo mzee 😂 Marahaba anasema. Je, maji na mbolea? Nina nusu mfuko wa NPK ya tumbaku, ile 10-18-24, nimwage?

DadaKitalu
Sasa hivi usimwage mbolea yoyote, utaunguza kilichobaki. Subiri mvua tatu nne zishike. Hiyo ya tumbaku ina naitrojeni kidogo, ndiyo ile 10 ya mwanzo, itafaa utakapopandikiza upara, maana mizizi mipya inapenda fosforasi. Kwa kijani, tumia urea: kilo 1 kwa eneo la mita 10 kwa 10, majani yakiwa makavu na udongo umelowa, kisha mwagilia palepale. Wiki sita baadaye rudia. Usiweke yote mara moja, kichanga hakishiki, mvua moja kubwa inapita nayo.

Maji: kumwagia kidogo kidogo kila jioni ni kulisha bili. Mara moja kwa wiki, alfajiri, mpaka udongo ulowe urefu wa kidole. Hiyo inatosha kuufikisha kwenye mvua.

Upara unaujaza bure. Kata vipande vya ukoka wako wa pembeni, kila kimoja kiwe na vifundo vitatu, fukia viwili, kimoja kibaki nje. Kutoka kipande hadi kipande, kiganja kimoja.

Fundi_Plagi
Nichomekee moja. Angalia ncha za majani siku mbili baada ya kukata. Zikiwa zimechanika na kupauka, kisu cha kijana ni butu, kinang'ata badala ya kukata. Achomoe waya wa plagi, afungue kisu, akipitishe tupa pande zote mbili sawasawa, la sivyo mashine itatetemeka. Akiilaza, kabureta iangalie juu. Na kama ina petroli ya tangu Juni, amwage kabla hajaivuta kamba mpaka bega limtoke.

BabaNasra_Ipuli (Januari)
Wakuu, narudisha majibu. Mvua ya kwanza kubwa ilishuka wiki ya pili ya Novemba, siku ya tisa yale mabaka yakaanza kuchomoza vijani kama sindano. Upara nilipandikiza mwenyewe na Nasra, vipande tisini na kitu, vimekufa kumi tu. Muuza paspalamu alipita tena, akasimama getini, akaondoka bila kubisha hodi. Kijana sasa anakuja kila Jumamosi. Siku ya kwanza nilimpimia urefu kwa rula ya shule ya Nasra, akacheka sana.

Matofali nimehamisha. Nyoka hakuwepo, kulikuwa na kenge. Chini ya mwembe nimeshindwa, mama mkwe kaweka viti vyake viwili na amesema hapo pasiguswe. Wabeja sana.