Mpiga picha, chuma ulichonitaka nigonge kilikuwa kimepoa!

Wakuu, naandika hasira zikiwa bado kifuani, na sitasubiri zipoe. Mimi ni mhunzi, nafua visu na patasi. Kwa miaka mingi kila aliyefika na kamera kwa heshima nilimfungulia, kwa sababu napenda kazi hii ionekane. Wiki hii nimefunga mlango.

Alikuja mpiga picha mmoja, simtaji. Alinikuta napasha kisu moto ili nikichovye kwenye mafuta. Kuchovya ndiko kunakokipa chuma ugumu, na kunataka joto lake hasa, si pungufu wala zaidi. Sina mtambo wa kunisomea nyuzi, kipimo changu ni jicho. Chuma huanza na wekundu uliofifia, hukolea, kisha huelekea rangi ya chungwa, na mahali pa kukitoa ni ukanda mwembamba sana hapo katikati. Sumaku hunisaidia, maana chuma kikikaribia nyuzi 770 za Selsiasi sumaku haikishiki tena, lakini mwenye kauli ya mwisho ni jicho. Ndiyo sababu karakana ya mhunzi ina giza. Hatukai gizani kwa uvivu wa kusafisha madirisha. Jua likiingia, chuma kile kile chenye joto lile lile kitaonekana kimefifia, nami nitakizidishia moto kisiouhitaji.

Ndani ya giza hilo, jicho limeshazoea, mtu ananipiga flashi usoni. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kuuliza. Sikuona rangi tena, niliona doa jeupe linaloelea. Nilipopata kuona vizuri kisu kilikuwa kimepitiliza. Nilikichovya hivyo hivyo kwa matumaini, halafu nikakibana kwenye jiriwa kukijaribu. Kilikatika bila hata kupinda, na ndani chembe zake zilikuwa kubwa kama mchanga. Siku mbili za kazi zilikwisha pale. Mwenzangu alikuwa ameinamia kioo cha kamera yake, anachagua picha.

Sikumfukuza, na hilo linaniuma hadi leo.

Kisha akaanza kunipanga. Vua miwani, uso hauonekani. Vua glavu, nataka mikono yenyewe. Jamani, ile miwani sikuivaa kwa urembo! Nikigonga chuma cha moto magamba yake huruka, na gamba moja likitua kwenye jicho basi uhunzi wangu umeishia hapo. Nikakataa miwani, glavu nikavua. Akaja na lingine: "Toa cheche."

Hili la cheche lazima niliseme, kwa sababu si yeye peke yake, karibu wote wanalitaka. Mnaona cheche mnadhani ndiyo kazi imenoga. Chuma cha kisu kikianza kutoa cheche chenyewe ndani ya makaa, kinaungua. Hakuna ufundi wa kukirudisha, unakata kipande hicho unatupa. Mimi nikiziona cheche za namna hiyo moyo unanidunda, na wewe unanitaka nizizalishe ili picha ipendeze. Nilipomwambia hivyo akanishikisha grainda nisugue chuma chakavu, cheche zikaruka, akafurahi. Halafu akataka nyundo. Moto ulikuwa umeshazimika. "Gonga tu, rangi nitaiweka kwenye kompyuta." Nikagonga chuma baridi juu ya fuawe, lile pande la chuma tunalofulia, kila pigo linarudi kwenye kiwiko changu, kwa dakika zisizopungua ishirini.

Picha imetoka. Kichwa changu kimekatwa, imebaki mikono, nyundo na chuma kilichopakwa wekundu. Nao wekundu ameupaka upande usio wake: ncha ninayoigonga ni nyeusi, na pale koleo linaposhika ndipo panapong'aa. Chini ameandika "Mikono ya fundi". Jina lake lipo pembeni, herufi nene. Langu halipo, ingawa nilimtajia mara mbili na akaliandika kwenye simu yake. Mhunzi mwenzangu aliiona akanipigia: "Tangu lini wewe unafua chuma baridi?" Nilikosa la kumjibu. Watu wa fani yangu ndio pekee duniani wanaoweza kuhukumu kazi yangu, na mbele yao ameniaibisha.

Msije mkaniambia kupanga picha ni jambo la kawaida. Najua. Mpiga picha wa Marekani, Lewis Hine, alimpiga picha fundi wa mitambo mwaka 1920, ameinama na spana mbele ya mtambo wa mvuke, na ile picha ilipangwa. Sina ugomvi nayo. Lakini Hine huyo huyo, alipoanza mwaka 1908 kuwapiga picha watoto waliotumikishwa viwandani Marekani, alikuwa akiandika jina la mtoto, umri na kazi anayofanya. Kimo cha mtoto alikikadiria kwa kumlinganisha na vifungo vya kizibao chake mwenyewe. Alibeba kamera nzito, alipiga picha mahali ambapo mara nyingi wenye viwanda hawakumtaka, na bado jina alilichukua.

Na mnajua hutokea nini jina lisipochukuliwa. Dorothea Lange, mpiga picha mwingine wa Marekani, mwaka 1936 alimpiga picha mama kwenye kambi ya vibarua wa mashambani huko California, watoto wamemwegemea mabegani. Hakumuuliza jina. Picha ikazunguka dunia nzima, na Florence Owens Thompson akafahamika kwa jina mwaka 1978, miaka 42 baadaye, akilalamika kwamba hakuwahi kupata hata senti kutokana nayo. Miaka 42 uso wako unajulikana kila mahali na wewe hujulikani popote!

Wapo wanaojua. Miaka ya nyuma alikuja dada mmoja, nusu siku alikaa kwenye kigoda hajagusa kamera. Aliuliza nikigeukia fuawe nasimama upande gani, akajiweka upande wa pili. Flashi hakuitoa kabisa. Alifungua lenzi hadi mwisho, akasubiri nyundo ifike juu, kwa sababu pale juu nyundo husita kidogo kabla ya kushuka, na picha hutoka safi hata kwenye mwanga hafifu. Kumbe aliligundua hilo kwa kunitazama tu. Picha aliniletea zimechapishwa, jina langu nyuma, na aina ya chuma. Moja ipo ukutani.

Huyu wa juzi nimemwandikia: weka jina langu na uondoe ule wekundu wa uongo, la sivyo iondoe picha yenyewe. Siku ya nne leo, kimya, na bado picha ipo na watu wanaisifu. Kama upo humu, najua unasoma. Jina langu unalo, uliliandika mbele ya macho yangu.