Mjadala: Chuo cha umma kubaki na mbio ndefu tu, ni busara au ni kuua riadha?

Kijiti_cha_Nne
Wadau, Washington State, chuo cha umma pale Pullman, jimbo la Washington, Marekani, kiliamua Juni 2025 kufuta mitupo na miruko, kupunguza watu wa mbio fupi na viunzi, na kuelekeza nguvu kwenye mbio ndefu. Ndicho hichohicho kilichobeba ubingwa wa vyuo Marekani wa riadha ya ndani mwaka 1977. Chuo kinachoendeshwa pia kwa kodi ya wananchi kina haki ya kubaki na tawi moja na kukata mengine? Naomba hoja, ushabiki tuuache nje.

Bonde_la_Ufa
Haki wanayo, tena wamechelewa. Jina la chuo kile limebebwa na miguu. Samson Kimobwa alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977 akiwa mwanafunzi pale. Mwaka uliofuata Henry Rono akavunja nne ndani ya siku 81: 5,000, kuruka viunzi na maji, 10,000, halafu 3,000. Julius Korir, dhahabu ya viunzi na maji, Olimpiki ya Los Angeles 1984. Peter Koech, rekodi ya dunia ya mbio hizohizo, 8:05.35, mwaka 1989. Bernard Lagat wa mita 1,500 hata sisemi. Mitupo imeleta nini cha kufanana na hayo? Na kutupa tufe ni nguvu tu, mwenye kifua akishiba anatupa.

Duara_213
"Nguvu tu." Haya, twende taratibu.

Tufe la wanaume ni kilo 7.26. Duara lina kipenyo cha mita 2.135. Ndani ya hapo mtu anazunguka mara moja na nusu kwa kasi, kisha anajizuia asivuke ubao wa mbele wenye kimo cha sentimita 10. Tufe linakaa kwenye mashina ya vidole na kugusa shingo. Ukililaza kiganjani, kiwiko kinaanguka, tufe linateleza nyuma ya bega, na mwamuzi ananyanyua bendera nyekundu, kwa sababu sasa unalirusha kama mtoto anayepopoa embe. Tufe linasukumwa.

Kosa linaloua wengi ni bega la kushoto kufunguka mapema. Nyonga zinatakiwa zitangulie, mabega yafuate, ule msokoto wa kiwiliwili ndio unaolipa. Bega likitangulia, msokoto umekwisha na unabaki kusukuma kwa mkono peke yake. Huyo ndiye "mwenye kifua" wako, na hafiki popote.

Na tufe haliachiwi kwa nyuzi 45 kama mlivyokariri. Linaanzia zaidi ya mita 2 juu ya ardhi, na mwili unasukuma vizuri zaidi kwenda mbele kuliko kwenda juu, ndiyo maana watupaji wazuri wako kwenye nyuzi 37 hivi. Sasa niambie nguvu tu.

Bonde_la_Ufa
Mkuu punguza jazba. Sikusema hakuna ufundi kabisa.

Duara_213
Ulisema "nguvu tu". Neno "tu" halikuandikwa na mimi.

Mla_Pointi
Mnapigania kifua na jibu liko kwenye hesabu. Chuo cha daraja la juu la futiboli ya Kimarekani kinatakiwa kiwe na michezo isiyopungua 16. Mbio za nyika ni mchezo mmoja, riadha ya ndani mwingine, riadha ya nje mwingine. Mkimbiaji wa mita 5,000 anahesabiwa kwenye yote mitatu kwa mwaka mmoja. Mtupa nyundo haendi nyika hata umlipe. Kwa hiyo kikosi kidogo cha mbio ndefu, wanaume na wanawake, kinakupa michezo sita kati ya 16. Wale hawakuchagua mbio ndefu kwa mapenzi ya Rono. Wamechagua kikosi kinachojaza nafasi nyingi kwa watu wachache.

Mwana_wa_Ziwa
Kila uzi wa riadha lazima Mkenya atusomee orodha ya ukoo. Rono, Rono, Rono. UTEP, Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, nacho ni chuo cha umma, na Suleiman Nyambui wa Tanzania alikuwa bingwa wa nyika wa vyuo 1980, mwaka uleule aliochukua medali ya fedha ya mita 5,000 Olimpiki ya Moscow. UTEP walibeba nyika kwa pointi 17, 1979 kama sikosei. Pullman wana nini cha kuweka pembeni ya hiyo?

Bonde_la_Ufa
Unakosea. Pointi 17 ni 1981, na bingwa siku hiyo alikuwa Motshwarateu wa Afrika Kusini. Nyika ya 1979 mshindi wa kwanza alikuwa Rono huyohuyo anayekukera, kama alivyofanya 1976 na 1977. Na Nyambui alikuwa mtu mzima anakimbizana na vijana wa miaka 19, tuseme ukweli.

Mwana_wa_Ziwa
Nyambui amezaliwa 1953. Rono 1952. Endelea kusema ukweli.

Bonde_la_Ufa
😂 Hiyo nimeimeza.

Msomaji_Kimya
Naomba kueleweshwa, pointi 17 ni nyingi au kidogo? Mbona mnajivunia namba ndogo?

Mwana_wa_Ziwa
Kwenye nyika ndogo ndiyo tamu. Timu inaingiza watu saba, wanahesabiwa watano wa kwanza kwa nafasi walizomaliza. Ukishika ya 1 hadi ya 5 unapata 15, chini ya hapo hakuna. Wa sita na wa saba hawakuongezei, ila wakimtangulia mtu wa tano wa wapinzani wanamsukuma chini nafasi mbili. Timu nyingi hupotezea ubingwa kwa huyo wa tano, wakati macho ya watu yako kwa wa kwanza.

Kijiti_cha_Nne
Jamani, swali lilikuwa chuo cha umma na kodi. Mla_Pointi kaleta jambo zito, hakuna aliyemjibu.

Bendera_Juu
Kodi gani? Tatizo ni futiboli. Vyuo 10 vilihama ligi ya Pac-12 mwaka 2024, wakabaki Washington State na Oregon State wakitazamana, na pesa za televisheni zikaondoka na waliohama. Mwaka uliofuata mahakama ikaridhia vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, ukomo wa dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Hapo unadhani anakatwa nani, mpiga pasi au mtupa kisahani? Na mila ya chuo kile kwa watu wa kawaida ni mechi ya Apple Cup dhidi ya Chuo Kikuu cha Washington, na ile bendera yao inayopepea kwenye kipindi cha futiboli cha televisheni ya ESPN tangu 2003. Hakuna anayesafiri na bendera kwenda kuangalia nyundo.

Duara_213
Nyundo nayo imeingia. Leo mmeamka na sisi.

Bonde_la_Ufa
Hata bila futiboli, mbio ndefu ni rahisi kuendesha. Viatu na barabara, kwisha.

Upondo_Mrefu
Kaka, wewe umetaja kuruka viunzi na maji kwa fahari halafu unasema viatu na barabara? Dimbwi la maji ni mita 3.66 kutoka kiunzini hadi linapoishia, kina chake sentimita 50 karibu na kiunzi, zamani ilikuwa 70, sakafu inapanda taratibu hadi usawa wa uwanja. Kiunzi lazima kiwe cha kupandisha na kushusha: sentimita 91.4 kwa wanaume, 76.2 kwa wanawake. Sakafu ya dimbwi inatakiwa zulia la kushika njumu, likichakaa mtu anateleza na kifundo kinakwenda. Zulia likichanika kingoni maji yanaingia chini yake, linaumuka, na unabomoa upya. Hiyo ndiyo "barabara" yako.

Ila nakubali, sisi wa upondo, tunaoruka juu kwa fito ndefu, ndio ghali kuliko wote. Upondo unatengenezwa kwa kilo za mrukaji na ugumu, mrukaji mmoja anatembea na kadhaa, na magodoro hayaachwi juani.

Mla_Pointi
Narudia kwa lugha nyingine. Mashindano ya nje ya vyuo yana matukio 21 kwa wanaume. Kuanzia 800 kwenda juu ni matano: 800, 1,500, viunzi na maji, 5,000, 10,000. Pointi za nafasi ya kwanza hadi ya nane ni 10, 8, 6, 5, 4, 3, 2, 1. Ukibaki na matano umesalimu amri kwenye 16 kabla ya bunduki kulia. Chuo kilichobeba ubingwa 1977 ni kama kimetangaza kwamba ubingwa wa timu si lengo tena. Huko ndiko kuulizwe kuhusu umma, maana kijana wa jimbo anayetupa mkuki amefungiwa mlango na chuo cha jimbo lake.

Bonde_la_Ufa
Huyo kijana aende chuo kingine, viko vingi. Rono alitoka Nandi.

Duara_213
Rono alifuatwa Nandi. Mtupaji nani anamfuata?

Msomaji_Kimya
Samahani tena. Huko shuleni tunakochora uwanja wa tufe bila vifaa, zile nyuzi 34.92 za eneo la kuangukia mnazipimaje?

Duara_213
Swali la maana la kwanza leo. Achana na nyuzi. Funga kamba katikati ya duara, vuta mita 20 kwenda upande wa kushoto, piga kigingi. Vuta nyingine mita 20 kwenda kulia, piga kigingi. Umbali kati ya vigingi uwe mita 12 kamili. Nyoosha mistari kutoka katikati kupitia vigingi, basi. Kipimo hichohicho kinatumika kwa kisahani na nyundo, duara la kisahani tu ndilo pana zaidi, mita 2.50.

Mwana_wa_Ziwa
Katikati ya duara au kwenye ubao?

Duara_213
Katikati. Ukianzia kwenye ubao, vigingi vyote vinasogea mbele zaidi ya mita moja, eneo linakuwa jembamba, na mtupo halali unaitwa faulo.