Nimelipia kukimbia km 10 na kamati inanitaka meza ya maji, naombeni ushauri

Mama Wawili Uyole

Habari za jioni wana jamvi, wakubwa shikamooni. Naombeni ushauri wenu mana hili jambo limenikaa kichwani wiki nzima na nyumbani wameshachoka kunisikiliza.

Mimi naishi huku Uyole, nina miaka 36 na watoto wawili. Mtaani tuna kikundi cha jogging, tulianza watu tisa tu, tunakutana jumamosi saa kumi na mbili kasoro asubuhi, sa hivi tumefika arobaini na kitu. Mwaka huu tukiwa na mitaa ya jirani tumeandaa mbio zetu wenyewe, km 5 na km 10, mchango elfu kumi kwa mtu, hela itakayobaki inaenda kununua magodoro ya wodi ya wazazi kwenye kituo cha afya chetu. Mimi nimejiandikisha km 10 tangu siku ya kwanza. Nimefanya mazoezi miezi mitatu, nilianza siwezi hata dakika tano bila kusimama nimeshika kiuno, juzi nimekimbia km 8 sijatembea hata hatua moja, nikarudi nyumbani nikalia jikoni peke yangu kwa furaha.

Asa kwenye kikao mwenyekiti kasema watu wa kujitolea hawatoshi, meza ya maji ya km 7 haina msimamizi, akaniangalia mimi. Anajua mwaka jana nilijitolea kugawa maji kwenye mbio nyingine. Ila hajui kilichotokea siku ile na ndo kinachoniumiza. Tulikuwa na maji ya chupa ndogo, tukayapanga yote mezani, wa mbele wakawa wanakwapua, mtu anapiga funda moja anatupa, chupa inabingirika kwenye mtaro ikiwa bado imejaa. Watoto wa mtaa nao wanabeba. Saa mbili na nusu katoni zimekwisha na watu bado wanakuja. Wa mwisho kumwona ni mama mmoja mtu mzima, kajifunga kitenge juu ya suruali ya mazoezi, raba imeachia soli kisiginoni, akaja taratibu akaniuliza mwanangu maji yapo? Meza tupu. Akaangalia zile chupa za chini, akaniangalia mimi, akasema haya mama, akaendelea na safari yake. Waliotupanga pale walikuwa wameshaondoka zamani wako kwenye medali. Mpaka leo nikifungua maji ya chupa namkumbuka yule mama.

Kwahiyo nikikimbia naona kama nalikimbia lile deni, na nikisimama mezani naona miezi mitatu yangu imeenda bure. Zimebaki wiki tatu. Nifanye lipi? Na kama ni meza, nielekezeni jinsi ya kufanya maji yasiishe tena.

Mbalizi Mweupe

Kimbia dada yangu. Miezi mitatu kuamka na baridi hii ya Mbeya sio kitu kidogo. Kugawa maji hata mtoto wa sekondari anaweza akielekezwa.

Kamwene Ipogoro

Kamwene dada. Mimi niko Iringa, mazoezi yetu ni kupandisha kutoka Ipogoro kule chini mtoni mpaka mjini, anayeijua ile kona ananielewa. Nimejitolea kwenye mbio kama mara nne hivi, njia panda mara mbili na maji mara mbili, na hapo juu mdau kasema hata mtoto anaweza, mi naomba nimpinge kwa heshima. Maji ndo kazi inayotaka akili kuliko zote siku ile.

Kosa la mwaka jana sio lako, kosa ni chupa. Mtu akipewa chupa nzima anakunywa robo anatupa robo tatu. Tumieni vikombe, vile vya plastiki vigumu vinavyooshwa, mnaweza kuazima kwenye vikundi vya kina mama au kwa mama ntilie. Mnajaza nusu tu. Ukijaza mpaka juu kinamwagika mkononi na mkimbiaji anapaliwa. Na usiweke vyote mezani wakajichukulie, simama mbele ya meza ukikunjue kiganja, kikombe kinakaa juu ya kiganja, yeye anapita anakinyakua. Wa kwanza kugawa asimame mbali na meza hatua kama ishirini, mwingine nyuma yake, hivyo hivyo, ili wasisongamane sehemu moja.

Ndoo ya kurudishia vikombe isikae pale mezani, isogeze mbele hatua hamsini au sitini mana mtu anakunywa huku anaenda. Weka na mtu pale na mwingine wa kuvirudisha.

Hesabu sasa. Mko wangapi km 10?

Mama Wawili Uyole

Ahsante sana kaka, kamwene. Mpaka jana waliolipia km 10 ni 180, km 5 hawapiti kwangu wao wanageuzia pale kwenye shule.

Kamwene Ipogoro

Basi watu 180 mpigie kila mmoja vikombe viwili, mana wapo wanaokunywa na wapo wanaojimwagia kichwani. Hivyo ni vikombe 360. Kikombe nusu tuseme mililita 150, inakuja lita 54. Madumu matatu ya lita 20 yanatosha. Wewe peleka matano. Na hapa ndo siri yenyewe, dumu la tano liwe chini ya meza, limefungwa, mtu yeyote asiliguse mpaka umwone mtu wa mwisho kabisa kwa macho yako. Hilo ni la wale wa nyuma. Wa nyuma wanakaa njiani muda mrefu zaidi kuliko wote, wanahitaji maji kuliko yule kijana anayemaliza dakika 35.

Maji yachemshwe usiku wake au yatiwe dawa, mkichota tu bombani mtapeleka watu chooni.

Nesi wa Rungwe

Dada hongera sana, na hayo magodoro ya wodi ya wazazi Mungu awabariki, nafanya kazi wodi hiyo hiyo huku kwetu najua mama aliyejifungua analala wapi.

Naongezea ya kiafya. Mwezi wa saba huku ni baridi, mtu hasikii kiu lakini jasho linatoka. Waambieni wanywe wanavyosikia hamu, wasijilazimishe, mana maji mengi kupita kiasi nayo ni hatari, chumvi ya mwili inashuka mtu anachanganyikiwa. Mkimwona mkimbiaji anayumba au anaongea visivyoeleweka msimpe maji tu mkamwacha aende, mkalisheni, mfunikeni, itaneni msaada. Kwahiyo kila meza iwe na namba ya simu ya mtu wa huduma ya kwanza na iandikwe kwenye karatasi kubwa ibandikwe mezani, sio kwenye simu ya mtu mmoja ambayo chaji itaisha.

La pili, naomba sana sana. Watu wana tabia ya kumeza diklofenaki asubuhi ya mbio ili magoti yasiume. Acheni. Ile dawa pamoja na kukosa maji na kukimbia inaumiza figo. Kama goti linauma kiasi hicho siku hiyo tembea km 5.

La tatu, mkimaliza vaeni kitu kikavu upesi. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na nyie Uyole mko juu zaidi, upepo wa asubuhi ukikukuta na jasho utatetemeka mpaka mchana. Kanga kavu moja kwenye mfuko inatosha. Na wageni wenu wa kutoka Dar waambieni waanze polepole, huku hewa ni nyepesi watashangaa pumzi imeishia wapi kwenye kilima cha kwanza.

Bajaji Uyole Stendi

Mi niulize tu hiyo njia yenu inakatiza lami? Mana mimi nalala na kuamka pale njia panda. Pale yanakutana malori ya Tunduma na yale yanayotoka Kasumulu mpakani Malawi, asubuhi saa kumi na mbili ndo yanaanza kushuka na dereva hajalala. Mtoto wa mtu akiwa na kitambaa chekundu mkononi hawezi kusimamisha lori lenye kontena, nasema ukweli. Kama mnakatiza lazima trafiki awepo mwenyewe kwa miguu yake, mpeleke barua mapema polisi, nakala kwa mtendaji wa kata, msisubiri wiki ya mwisho. Kama inawezekana bakini barabara za ndani za vumbi mpaka mwisho.

Halafu njooni kijiweni kwetu. Bodaboda na bajaji tukiambiwa mapema tunafunga vichochoro wenyewe bure kabisa, tusipoambiwa tunapita katikati ya watu mana na sisi tunatafuta hela. Mwaka fulani walikuja asubuhi yenyewe kutufokea, haikuwa vizuri.

Mama Wawili Uyole

Kaka yangu wa bajaji ahsante mno, njia inakatiza lami mara moja. Nitalipeleka hili kwa mwenyekiti leo leo.

Mzee wa Kawetele

Marahaba mwanangu. Nimesoma yote. Nyie vijana mmemweleza vizuri habari ya maji lakini swali lake la kwanza hamjalijibu, akimbie au asimame.

Mimi nikuambie habari moja. Oktoba 1968 kule Mexico, mji uko juu kuliko hata hapa kwetu, unazidi mita 2,200, Mtanzania John Stephen Akhwari alikuwa kwenye marathoni ya Olimpiki. Akaanguka njiani akaumia goti vibaya. Walianza watu 75, wakamaliza 57, na wa 57 ni yeye. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alishamaliza zamani, zaidi ya saa nzima, giza limeingia na watu wengi wameshaondoka uwanjani. Akaingia anachechemea na bandeji mguuni. Alipoulizwa kwa nini hakuacha akajibu kwamba nchi yake haikumtuma kule kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Dunia inamkumbuka kwa sababu walikuwepo watu wachache waliobaki kumwona. Wangeondoka wote tusingejua hata jina.

Kwenye mbio zilizopangwa vizuri kuna mtu anaitwa mshika mkia. Anavaa namba kama wengine, anaenda na mtu wa mwisho, hampiti, na hakuna meza inayofungwa wala njia panda inayoachwa mpaka yeye apite. Unakuwa umekimbia na umejitolea vilevile. Yule mama wako wa kitenge angekuwa na mtu pembeni yake.

Mbalizi Mweupe

Mzee shikamoo, maneno mazito hayo. Ila bado namtetea dada. Mshika mkia anatembea saa mbili, mazoezi yake yalikuwa ya kukimbia. Mtu aliyelia jikoni kwa km 8 ana haki ya kuijua km 10 yake kwa mwendo wake mwenyewe. Wanawake wengi huku wanaambiwa kila siku wawatangulize wengine, kwenye kila kitu.

Nesi wa Rungwe

Hapo Mbalizi umesema kweli na imenigusa. Dada ukikimbia hujamkosea mtu. Kusimamia meza sio lazima uwe umesimama pale siku ile. Vikombe, madumu, kuwafundisha watu sita, kufanya zoezi jumamosi moja kabla, hiyo ndo kazi kubwa na unaweza kuimaliza wewe kabla ya bunduki kulia. Ila huyo wa kumwachia umjue, asiwe wa kukimbilia medali.

Mzee wa Kawetele

Hata hilo ni jema. Mimi goti haliniruhusu kukimbia lakini kutembea natembea. Mkinipokea nitashika mkia.

Mama Wawili Uyole

MREJESHO. Samahanini nimechelewa, ilikuwa jumapili na leo jumatano ndo nimepata nafasi.

Nilikimbia. Niliongea na mwenyekiti nikamweleza habari yote ya mwaka jana, alinyamaza kidogo akasema basi andaa meza zote tatu halafu ukimbie. Jumamosi ya kabla nikakusanya vijana kumi na wanne uwanja wa shule, tukafanya zoezi la kiganja, wengine wakimbie wengine wagawe, walimwagiana maji mpaka basi lakini walielewa. Dumu la tano la kila meza niliandika kwa mafuta ya rangi WA MWISHO. Trafiki alikuja, na vijana wa kijiweni walifunga vichochoro vyote, hatukupata hata mkwaruzo.

Nilivyofika km 7 nikawakuta wasichana wawili wa form three wamekunjua viganja kama nilivyowafundisha, mmoja kavaa glovu za sufu kwa baridi akaona kikombe kinateleza akazivua, vidole vimemwiva vyekundu. Nikachukua kikombe nikanywa nikaendelea. Nimemaliza kwa muda wa saa moja na dakika tisa, kile kilima cha mwisho nilitembea kidogo, sidanganyi.

Nikavaa kanga kavu dada nesi, nikarudi kwa bajaji mpaka meza ya km 7 kungoja. Wa mwisho alikuwa baba mmoja na binti yake kama wa miaka kumi na miwili, kachubuka goti, na nyuma yao mzee wetu na fimbo yake anawapigisha stori. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi. Binti alikunywa vikombe vitatu. Kwenye lile dumu yalibaki maji zaidi ya nusu, tukayaoshea vikombe palepale. Tuliazima 400 kwa kina mama, tumerudisha 386, hivyo kumi na nne navilipa wiki hii.

Magodoro yamepatikana kumi na moja.