Atachimenti ya afya Nairobi: ada ya hospitali ifutwe au ibaki?

Hoja iliyo mezani: baadhi ya hospitali na mashirika ya afya jijini hutoza wanafunzi wa vyuo vikuu ada kabla ya kuwapokea kwa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, ya wiki 12. Je, ada hiyo ipigwe marufuku?

Mwalimu wa Nyanjani

Ipigwe marufuku. Mwanafunzi wa afya ya umma, lishe au rekodi za matibabu huwa ameshalipa: ndani ya karo mna ada ya nyanjani, ambayo chuo husema ni ya kumpeleka mhadhiri kumkagua. Akifika hospitalini anadaiwa tena. Ongeza nauli. Wiki 12 kwa siku 5 ni siku 60, na anayetoka Githurai kwenda Upper Hill akibadilisha matatu mjini, ukimkadiria Sh200 kwa siku umemhurumia. Hizo ni Sh12,000 kabla hajanunua chai wala koti jeupe. Anayeshindwa haahirishi masomo. Anatafuta zahanati ya mjomba itakayomgongea muhuri, kisha daftari la kazi za kila siku linajazwa jioni moja. Mkaguzi mwenye macho huzijua kurasa hizo: wino uleule, mwandiko usiochoka, na sahihi ya msimamizi iliyotiwa mpaka Jumapili.

Bi Rekodi

Mwalimu, muhuri wa mjomba tunaujua sote. Sasa piga hesabu ya upande wetu. Msimamizi akiwapa wanafunzi 4 nusu saa kila mmoja, ni saa 2 kwa siku. Kwa siku 60 ni saa 120, yaani wiki 3 nzima za kazi ya mtu mzima, na foleni dirishani haipungui. Vyuo vingi navyo huwaachilia wanafunzi wakati mmoja, Mei hadi Agosti. Idara yenye meza 3 inapokea rundo la barua zenye maneno yaleyale, nyingine zikiwa bado na jina la hospitali ya jirani. Septemba hatuna hata mmoja. Ada ilianza kama chujio, wala sioni ubaya wa chujio.

Mwaka wa Tatu

Hilo chujio linachuja mifuko ya wazazi, dada. Halichuji bidii. Tena mbona tusilipwe sisi? Madaktari wanagenzi waligoma 2024 na wengi wakawaunga mkono.

Mdau wa Ajira

Ndugu yangu, usichanganye. Madaktari wanagenzi ni watu waliokwisha kuhitimu. Ubishi wa 2024, katika mgomo uliochukua siku 56, ulihusu kama walipwe takriban Sh206,000 kwa mwezi kulingana na makubaliano ya 2017 au Sh70,000 zilizotolewa na serikali. Wewe uko ndani ya kozi, unapewa alama. Posho unaweza kuiomba, lakini usiidai kama mshahara.

Unachopaswa kudai kwanza ni bima. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, tunayoiita WIBA, humlinda mwenye mkataba wa ajira, akiwemo mwanagenzi anayejifunza kazi kwa mkataba. Mwenye barua ya chuo tu amesimama pabaya. Ndiyo maana bima ya ajali ya chuo ni lazima, na kabla ya kuiamini uliza mambo matatu. Je, tarehe zinafika wiki ya mwisho, hata ukiongezewa siku za kufidia? Je, inahesabu ajali nje ya kampasi? Na je, inalipa maambukizi ya sindano, au ni mifupa iliyovunjika tu? Barua nyingi huandika "ana bima" bila namba ya bima. Hospitali inayopokea barua ya namna hiyo imejitakia kesi.

Muuguzi Mlezi

Afadhali umeitaja sindano, maana hapo juu watu walikuwa kwenye nauli tu. Mwanafunzi anayekagua taka huchomwa kama anayetoa damu. Kwa kawaida ni kisanduku cha sindano kilichoachwa kijae hadi mdomoni badala ya kufungwa kikifika robo tatu, au sindano iliyotupwa kwenye mfuko mweusi wa taka za kawaida. Kwa asiye na kinga, mchomo kutoka kwa mgonjwa mwenye hepatitisi B, homa ya ini, huambukiza watu 6 hadi 30 katika kila 100 wanaochomwa. Kwa HIV ni kama 3 katika 1,000. Wanafunzi huogopa hiyo ya pili, wakaipuuza ya kwanza ambayo ina chanjo.

Chanjo ni dozi 3: leo, baada ya mwezi 1, na baada ya miezi 6 tangu ile ya kwanza. Anayeanza Mei alipaswa kuchanjwa Novemba. Vyuo hukumbuka Aprili, na mtoto anaingia wadini na dozi moja, kadi mfukoni, akidhani amekingwa. Aliyechelewa ana ratiba ya haraka: siku ya 0, ya 7 na ya 21, kisha dozi ya nne baada ya miezi 12. Hiyo ya nne ndiyo husahaulika, maana atachimenti ilikwisha zamani.

Akichomwa asikamue kidole wala asimwagie spiriti. Aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, aripoti palepale, apimwe yeye, na mgonjwa apimwe kwa idhini yake. Dawa za PEP, za kuzuia HIV baada ya mchomo, zianze mapema iwezekanavyo, kikomo saa 72, na zimezwe siku 28. Kinachoharibu mambo ni woga wa alama. Ajali ya Ijumaa saa kumi na moja jioni huripotiwa Jumatatu saa mbili asubuhi, na hapo saa 63 zimeshakwenda.

Kama ada inalipia chanjo, glavu na mtu wa kupigiwa simu wikendi, itozwe. Kama inalipia karatasi ya kibali, irudishwe.

Afisa wa Mradi

Kwa mashirika yasiyo ya serikali suala si ada, ni bajeti. Mfadhili hulipa kilichoandikwa kwenye bajeti aliyoiidhinisha, na mara nyingi mwanafunzi hana mstari humo. Nauli yake ya kwenda Mathare na timu ikiingizwa kwenye safari za watumishi, mkaguzi wa hesabu ataikataa na shirika lirudishe pesa. Na tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025, miradi mingi ya HIV jijini imepunguza watu, kwa hiyo hata msimamizi mwenyewe haonekani. Kumpokea mwanafunzi asiye na msimamizi ni kumpa kiti na nenosiri la intaneti. Afadhali kukataa.

Bi Rekodi

Nenosiri! Hapo ndipo panaponiuma. Mwanafunzi hupewa akaunti ya mkuu wa kituo aingize ripoti kwenye KHIS, mfumo wa taifa wa ripoti za afya, kwa sababu tarehe 15, siku ya mwisho ya kuripoti, imekaribia. Kosa likitokea, mfumo unaonyesha jina la mkuu. Taarifa za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Wasizipige picha kwa simu, hata kwa ajili ya ripoti ya chuo.

Mpeni kazi hii badala yake. Achukue rejista ya kliniki ya wajawazito, MOH 405, ya mwezi uliopita, ahesabu kwa kidole waliokuja mara ya kwanza. Aangalie idadi hiyohiyo kwenye fomu ya muhtasari, MOH 711, kisha kwenye KHIS. Tuseme rejista ina 47, fomu ina 52, na KHIS ina 25. Gawanya 47 kwa 52, ni asilimia 90, iko mpakani, kwani kati ya 90 na 110 hukubalika. Waliozidi pengine ni marudio waliohesabiwa kama wapya. Ile 25 ni 52 iliyogeuzwa na mtu mwenye haraka. Akirudia kwa miezi 3 na viashiria 4, kituo kinapata ukaguzi ambao hakuna mtumishi mwenye nafasi ya kuufanya. Mwanafunzi wa namna hiyo simtozi hata senti.

Mwalimu wa Nyanjani

Basi tumekaribiana. Nabadilisha hoja yangu: ada isiyo na orodha ya inachonunua, wala risiti, ipigwe marufuku. Vyuo navyo vigawane msimu, Januari, Mei na Septemba, ili Bi Rekodi apate wanafunzi 4 mwaka mzima. Ila ratiba za masomo itabidi zivunjwe, na maseneti ya vyuo hayapendi kazi hiyo.

Mwaka wa Tatu

Na chanjo ya Novemba inalipwa na nani? Novemba hatujajua hata tutapelekwa hospitali gani.

Muuguzi Mlezi

Chuo. Wachanjwe mwaka wa kwanza wakati wa usajili, kadi ikae faili moja na cheti cha KCSE. Ikifika mwaka wa tatu, ni kupima kinga kwenye damu tu: kipimo kikisoma 10 mIU/ml kwenda juu, anaingia.

Mwalimu wa Nyanjani

Chuo kitaiongeza kwenye karo, muuguzi asikudanganye.

Muuguzi Mlezi

Kiiongeze, mradi mwaka huohuo kifute ile ada ya nyanjani ya mhadhiri anayekagua kwa simu.