Kipimo cha jeni 17 kwa mgonjwa wa AML: tukifuate nje?

Mama Rukia
Wakuu habari za jioni, na wakubwa shikamooni. Mdogo wangu wa kiume, miaka 34, ana saratani kali ya damu, AML. Kamaliza mzunguko wa kwanza wa dawa, homa imekata, juzi kala ugali na dagaa akamaliza sahani. Majibu ya uboho yaliyotoka India yanasema jeni ya NPM1 ina mabadiliko, kasoro ya FLT3-ITD (ya jeni nyingine) hakuna, kromosomu za kawaida. Sasa mpwa wangu kasoma mtandaoni kuna kipimo cha jeni 17 kinachoonyesha nani ataishi na nani hataishi. Familia inataka tuuze kiwanja tukakifanye. Mnashaurije?

Mtu wa Maabara
Pole sana kwa kuuguza, dada. Kazi yangu ni sampuli za damu na uboho, kwa hiyo nakueleza ninachokijua: kiwanja msikiuze kwa ajili ya kipimo hicho.

Kinaitwa LSC17, kilitoka Toronto mwaka 2016. Walichukua seli za wagonjwa 78, wakazitenga makundi makundi, wakazipandikiza kwenye panya waone kundi lipi linaanzisha ugonjwa upya. Halafu wakatazama ni jeni zipi zinatoa RNA nyingi (nakala ambazo jeni hutoa ikifanya kazi) kwenye seli hizo sugu. Mwisho zikabaki 17. Kazi ya jeni hizo hujumlishwa kuwa alama moja; alama ikiwa juu, wagonjwa wa kundi hilo kwa kawaida dawa haziwakubali vizuri. Ni kazi ninayoiheshimu sana, ila inasema habari za kundi. Mdogo wako mwenyewe haimtajii miaka yake.

Sasa rudi kwenye karatasi uliyo nayo. NPM1 bila FLT3-ITD, mwongozo wa ELN (mtandao wa Ulaya wa wataalamu wa saratani ya damu) wa 2022 unaiweka kwenye kundi lenye matumaini mazuri. Hilo mwambieni na mgonjwa, alisikie! Tena RNA ya NPM1 yenye kasoro inafuatilika kwa PCR, kipimo kinachozidisha kipande cha jeni hadi kionekane. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2016 ulipima damu baada ya mzunguko wa pili: ambao RNA hiyo ilikuwa bado ipo, waliokuwa hai baada ya miaka 3 ni 24%, ambao haikuonekana, 75%. Daktari akipata jibu hilo ana la kufanya, ikiwemo kuzungumzia mapema upandikizaji wa uboho. Pesa ielekezeni huko.

Mchambuzi KSM
Naongezea kidogo upande wa data. Mwaka 1999 Golub na wenzake kule Marekani walipima jeni 6,817 kwa wagonjwa 38, wakaweza kutenganisha AML na ALL (aina nyingine ya saratani kali ya damu) kwa jeni peke yake. Ila walipotaka kutabiri nani kati ya watu wazima 15 wenye AML atapata nafuu kwa dawa, hawakupata ishara ya kuaminika. Ukiwa na maelfu ya jeni na watu wachache hivyo, hukosi jeni zinazoonekana kutabiri kwa bahati tu. LSC17 ilijaribiwa kwa wagonjwa wengine kabisa, ndiyo maana imesimama. Lakini wengi wao walikuwa wa Ulaya na Amerika Kaskazini, na hilo kwetu ni pengo kubwa.

Mama Rukia
Mungu awabariki. Mzunguko wa pili unaanza Jumatatu. Nikimwona daktari niombe nini hasa?

Mtu wa Maabara
Omba "NPM1 kwa PCR ya RNA, damu ya mshipa, baada ya mzunguko wa pili". Muulize pia kama majibu ya India yametaja aina ya mabadiliko, A, B au D, maana PCR hutafuta aina mahususi. Kama haikutajwa, waandikieni sasa hivi. Damu itolewe kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau. Ya kijani ina heparini, inaharibu PCR. Na isilale mezani wodini, RNA inaoza upesi. Mtu wa familia aibebe mwenyewe hadi maabara, aulize saa ngapi itaanza kushughulikiwa.